Glavu ya Ligula

Gari la Hokororo lilirudi likivutwa kwa kamba,
mara ya tatu tangu korosho zilipwe,
na nyuma yake, kutoka Msijute hadi Chuno,
mstari wa oili, mwembamba, mweusi, haukukatika,
kana kwamba mtu ameuchora nisipotee.

Sili ya nyuma ya krenki. Tena.
Nikasema sili za siku hizi feki.
Nikasema vijana mnakanyaga mno.
Nikalisingizia hata joto la Januari,
na Hokororo, ambaye hulipa kwanza ndipo aulize,
akaitikia kwa kichwa,
akakaa juu ya tairi bovu, akamenya chungwa.

Kwa Chilumba, anayenishikia tochi, nilijifanya mwalimu:
Pistoni ikishuka, moto uko mgongoni mwake,
na hakuna ringi duniani isiyovujisha.
Kidogo tu. Ila turbo ikishajaza kifua
kile kidogo huwa umati,
hushuka tumboni kwenye oili, kikatafuta mlango.
Kikiukosa, hutoboa wake.

Na mlango ulikuwepo.
Mpira mmoja, unene wa kidole gumba.
Mwezi wa tisa Hokororo alilalamika harufu,
mkewe anajiziba pua kwa kanga hadi Mikindani,
nami, kwa pupa ya kusifiwa,
nikachonga kijiti cha mkorosho,
nikakizamisha mdomoni mwa mpira, nikakaza klipu.
Harufu ikaisha. Nikasifiwa.
Usiku ule nililala vizuri sana.

Leo nimefungua kifuniko cha oili:
chini yake povu jeupe, zito, tui la kwanza,
unyevu wa pwani yetu uliokosa pa kutokea.
Nikauvika ule mdomo glavu ya mpira
aliyoniachia Asumini, nesi wa Ligula,
nikasema: washa.

Glavu ikanyanyuka. Gumba kwanza,
halafu vyote, vitano, vimekakamaa,
mkono wa trafiki katikati ya lami:
simama, fundi.

Hokororo akaacha kumenya.
"Nani kaziba?"

Kijiti kilikuwa tayari kimeng'atwa na koleo,
na juu yake alama za kisu,
kisu chenye pengo, Chuno nzima inakijua.
Mimi, nikasema.
Chilumba akazima tochi, ingawa ulikuwa mchana.

Basi tumefanya kazi hadi isha.
Mipira miwili, kila kichwa cha injini na wake,
mipana, inapanda kwanza
ili oili ikichoka safari irudi kwa mteremko.
Inakutana kwenye kopo la chuma
nililolishindilia stilwuli ya jikoni
(mke wangu anaitafuta mpaka sasa):
mvuke unapapasa nyuzi, unaacha mafuta,
unatoka mwepesi.
Na vali ya njia moja, nimeijaribu kwa mdomo wangu,
huku napuliza inapita, huku inagoma,
maana turbo ikipandisha presha
haina ruhusa ya kurudi tumboni.
Chini ya kopo, koki.
Ifungue kila Jumamosi, nikamwambia, usingoje lijae.

Tukawasha tena.
Glavu ikalegea, ikainama,
ikaingia ndani kidogo, taratibu,
kama shavu la mtoto anyonyaye.
Hakuna aliyesema kitu. Injini ilikuwa inasema.

Safari hii hakulipa kwanza.
Aliuliza: sili tatu, za nani?
Zangu, nikasema.
Na kuvutwa kutoka Msijute?
Nikatazama chini, kwenye maganda ya chungwa.
Kwangu.

Kisha akaomba kile kijiti.
Amekitundika kwenye kioo cha ndani kwa uzi mwekundu,
na akipita hapa, gia ya tatu, turbo ikipiga mluzi,
hupunguza mwendo mbele ya gereji
ili nikione kinavyoning'inia.